Mabehewa ya Madina na Mizigo Yake

Wengi wetu tunaojaaliwa kwenda umra hufika Madina kwa basi, au kwa ile treni ya kasi ya Haramaini iliyofunguliwa mwaka 2018, inayokwenda hadi kilomita 300 kwa saa baina ya Makka, Jeddah na Madina. Tukishafika, nyoyo huelekea panapostahiki: Msikiti wa Mtume (s.a.w.), Rawdha, Baqii, Quba na Uhud. Siku chache za ziyara hazitoshi hata kwa hayo. Ndiyo sababu ni wachache wanaotambua kwamba upande wa magharibi, katika eneo la Anbariya, mwendo wa miguu ambao mzee mwenye afya ataumaliza baada ya swala ya alfajiri pasi na kuchoka, ipo stesheni ya treni ambayo haijapokea msafiri kwa takriban karne nzima.

Jengo lake ni la mawe ya kuchonga yenye rangi ya kiza, limepangwa matao, na karibu yake umesimama Msikiti wa Anbariya wenye makuba na minara miwili, uliojengwa na Waturuki zama zile zile. Leo stesheni hiyo ni makumbusho. Wageni wengi huzunguka vyumbani, kisha hutoka nje kupiga picha mbele ya injini ya moshi. Sisi twataka kumshika msomaji mkono na kumpeleka hatua chache zaidi, hadi kwenye mabehewa ya mizigo. Hayana viti wala nakshi, na kamera hupita bila ya kuyatazama. Lakini anayetaka kujua Reli ya Hijazi ilikuwa kitu gani, nani aliilipia na ilifanya nini, asiiulize injini, kwani kazi ya injini ni kuvuta tu. Ayaulize mabehewa, kwa kuwa ndiyo yaliyobeba.

Makala haya tumeyakusudia kwa watu wa namna mbili. Wa kwanza ni mahujaji na watu wa umra wenye saa moja ya nafasi. Wa pili ni vijana wetu wenye mapenzi ya kutengeneza treni ndogo za mfano, kwa bati, mbao na waya, ambao mara nyingi huambiwa na wakubwa kuwa wanapoteza wakati. Tunaamini kuwa hawapoteziwakati hata kidogo, madhali wanatengeneza kwa ukweli.

Fedha za ngozi

Sultani Abdulhamid wa Pili alitangaza mradi huu mwaka 1900. Wakati huo, kwetu pwani, reli ya Waingereza iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilikuwa imeshapita Nairobi, na mwisho wa mwaka 1901 ikafika Kisumu. Reli mbili hizi ni marika, lakini nasaba zao ni mbalimbali. Ya kwetu ilijengwa kwa fedha za serikali ya Uingereza na kwa maslahi yake. Ya Hijazi ilitangazwa kuwa ni reli ya Waislamu, ya kuwachukua mahujaji kutoka Damascus katika nchi ya Sham hadi Miji Mitukufu Miwili. Dola ya Uthmania ilikuwa imeelemewa na madeni ya Ulaya, ikaazimia kutokopa kwa ajili ya njia hii. Waislamu wakaombwa wachange.

Wakachanga. Huko Bara Hindi, mwandishi wa magazeti Muhammad Inshaullah alikuwa miongoni mwa waliolipigania wazo hili tangu mapema. Michango ilitoka Bara Hindi, Misri na pembe nyingi nyingine za ulimwengu wa Kiislamu. Watumishi wa serikali ya Uthmania walikatwa sehemu ya mishahara yao. Stempu maalumu zilitolewa. Waliochanga walitunukiwa nishani za dhahabu, za fedha au za nikeli, kwa kadiri ya walichotoa. Na lililotugusa zaidi ni kuwa ngozi za wanyama wa udhia zilikusanywa zikauzwa, na thamani yake ikatiwa katika mfuko wa reli. Inakadiriwa kuwa karibu theluthi moja ya gharama ilipatikana kwa michango, na iliyobaki kwa kodi na mapato mengine ya dola.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, unapoweka kiganja chako ubavuni mwa behewa lile, ujue kuwa ndani ya chuma kile mna ngozi ya kondoo wa mtu ambaye pengine hakuwahi kuiona treni maishani mwake. Alitoa akiamini kuwa mtu mwingine, asiyemjua, atasafiri kwa amani hadi kwa Mtume (s.a.w.).

Uadilifu watutaka tuseme na upande wa pili. Dola haikuwa na nia moja tu. Reli hiyo hiyo ingepeleka pia askari na amri za serikali katika Hijazi, nchi iliyokuwa mbali na mkono wa Istanbul. Nia mbili zilipanda behewa moja tangu siku ya kwanza, na baadaye tutaona ni ipi iliyoishika njia.

Kazi ilisimamiwa na mhandisi Mjerumani, Heinrich August Meissner, na ikafanywa kwa mikono ya maelfu ya askari, jangwani, kwa maji ya kubebwa. Njia ilipopita Al-Ula, wasiokuwa Waislamu hawakuendelea nayo, na sehemu ya mwisho ikasimamiwa na wahandisi Waislamu chini ya Muhtar Bey. Mnamo tarehe 1 Septemba 1908 reli ilifunguliwa rasmi Madina. Umbali kutoka Damascus ni takriban kilomita 1,300. Msafara wa ngamia uliumaliza kwa siku 40 hivi, na treni ikaumaliza kwa siku tatu au nne.

Vipimo visivyosema uongo

Sasa twawageukia mafundi wadogo. Jambo la kwanza la kujua kabla ya kukata bati ni upana wa njia, yaani nafasi kutoka ukingo wa ndani wa reli moja hadi ukingo wa ndani wa reli ya pili. Reli ya zamani ya Mombasa ina milimita 1,000. Reli yetu mpya, pamoja na ile ya Haramaini, ina milimita 1,435. Reli ya Hijazi ina milimita 1,050, upana ambao hauonekani mahali pengi duniani.

Kwa nini hizo 50 za ziada, upana wa vidole vitatu tu? Kwa sababu kampuni ya Kifaransa ilikuwa imeshajenga reli kutoka Beirut hadi Damascus, iliyofunguliwa mwaka 1895, kwa upana huo. Vifaa vya Hijazi vilikuwa vikishuka bandarini Beirut, na ikawa lazima behewa liweze kupita njia zote mbili bila ya kupakuliwa. Baadaye, mwaka 1905, dola ikakamilisha tawi lake lenyewe kutoka Daraa hadi bandari ya Haifa, isitegemee tena njia ya wageni. Lakini upana ulibaki ule ule. Behewa la Mombasa lisingeweza kutembea salama Madina, wala la Madina Mombasa, kwa ajili ya vidole vitatu.

Kipimo kinachopendwa zaidi na watengenezaji wa treni za mfano ni cha moja kwa 87: kila sentimita 87 za kitu halisi huwa sentimita moja mezani. Gawanya 1,435 kwa 87, utapata milimita 16.5, na huo ndio upana wa reli ndogo zinazouzwa madukani kwa wingi. Gawanya 1,050 kwa 87, utapata milimita 12 na chembe. Basi kijana anayelipandisha behewa la Hijazi juu ya reli ya dukani ya milimita 16.5 amelivalisha viatu vya babake. Mwili ni wa Hijazi, miguu ni ya Ulaya. Zipo reli ndogo za milimita 12 zinazotengenezwa kwa ajili ya njia nyembamba, nazo zinaisibu Hijazi barabara kuliko hata zinavyoisibu reli yetu ya zamani, ambayo kwa hesabu hiyo yataka milimita 11 na nusu. Asiyeweza kununua atanyoosha waya na kuupima kwa rula.

La pili ni mataruma, vile vipande vinavyolazwa chini kuzishika reli. Huku kwetu kijana hutumia njiti za kiberiti, zikafanana na mbao. Katika Hijazi, sehemu kubwa ya mataruma yalikuwa ya chuma, yenye umbo la hori refu lililofunikwa kifudifudi. Nchi ile haina misitu, jua hupasua mbao, na kipande cha mti kilicholala wazi jangwani ni kuni kwa mwenye baridi ya usiku. Kwa hiyo kata bati, likunje kingo, uliweke kifudifudi.

La tatu ni aina za mabehewa. Mengi yalikuwa mafupi, ya ekseli mbili, yaliyonunuliwa Ulaya kama zilivyonunuliwa injini. Lipo la kufunikwa, mfano wa sanduku la mbao juu ya fremu ya chuma, lenye mlango wa kusukuma ubavuni. Lipo la wazi lenye kuta fupi. Lipo la sakafu tupu, lililobeba reli na mataruma wakati wa ujenzi. Na lipo la tangi, ambalo katika nchi nyingine lingebeba mafuta, na huku lilibeba maji. Pana masafa marefu ambayo visima ni haba, na injini ya moshi hunywa kuliko ngamia. Tangi lilifungwa katika treni ili safari ifike. Mwenye kutengeneza treni ya Hijazi bila ya tangi la maji ameiacha ife kiu njiani.

La nne ni maandishi. Kituruki cha Uthmania kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Herufi za Kilatini hazikuingia Uturuki hadi mwaka 1928, baada ya dola yenyewe kuondoka. Kijana anayenakili maneno ya Kituruki cha leo na kuyabandika ubavuni mwa behewa la mwaka 1910 ameliandikia cheti cha kuzaliwa cha mtu mwingine.

Na la tano ni kutu. Sisi wa pwani tumezoea chumvi ya bahari ile chuma. Bati la Mombasa miaka kumi tu limeshatoboka. Fundi wetu akitaka kuonyesha kuwa behewa ni kuukuu, mkono wake waenda wenyewe kwenye rangi ya kutu. Lakini jangwa ni kavu. Kaskazini ya Madina bado kuna masalio ya treni mchangani, yenye umri wa zaidi ya miaka 100, na chuma chake kingali na umbo. Kilichotoweka ni mbao. Katika mabaki mengi utaona fremu, magurudumu na ekseli, na juu yake pametupu. Basi asiwe mwepesi wa kupaka kutu. Apunguze rangi, aongeze vumbi, na mbao azifanye zipauke na kupasuka.

Yaliyopakiwa

Baada ya umbo huja mzigo, na hapo ndipo historia inapokuwa nzito.

Katika miaka ya amani, biashara kubwa ya mizigo ilikuwa kaskazini. Nafaka za uwanda wa Hauran zilipakiwa na kuteremshwa hadi Haifa, zikavuka bahari. Kusini, kuelekea Madina, treni zilibeba zaidi mahujaji, askari, na chakula cha mji. Mji ambao tangu dahari uliishi kwa misafara ulianza kuishi kwa behewa.

Wapo walioumia. Mabedui wa njia ya haji walikuwa wakijipatia riziki kwa kukodisha ngamia, kuongoza misafara na kupokea malipo ya kuilinda. Treni ilipokuja, ngamia wao walikosa kazi, na mwaka ule ule wa 1908 makabila yaliishambulia njia. Vitabu vingi huwaita wanyang'anyi, kisha hufunga ukurasa. Sisi tunaoishi Mombasa tusiwe wepesi wa kuufunga. Makontena yalipoanza kuelekezwa kwenye reli mpya, kutoka bandarini moja kwa moja hadi Nairobi, tuliwasikia wenye malori, madereva, matingo, na mama wa vyakula katika vituo vya barabarani wakilia. Hatuhalalishi kuvunja njia. Twasema tu kwamba kila behewa linalopita limejaa, pana mnyama au gari lililobaki nyuma tupu, na mwenye kupanga maendeleo ana deni la kumuuliza mwenyewe atakula nini.

Kisha ikaja Vita Kuu ya mwaka 1914. Makaa ya mawe yakawa adimu, na injini zikalishwa kuni. Mabehewa ya wazi yakajazwa miti ya Sham iliyokatwa, na vilima vilivyokuwa na kivuli vikabaki uchi. Mwezi wa Juni 1916 Sharifu wa Makka aliasi dhidi ya Waturuki. Majeshi yake, pamoja na maafisa wa Kiingereza, akiwamo T. E. Lawrence, wakaanza kulipua madaraja na treni. Ndani ya Madina, jemadari wa Kituruki Fakhri Pasha alikataa kuutoa mji. Alishikilia hadi Januari 1919, zaidi ya miezi miwili baada ya dola yake kusalimu amri.

Katika kuzingirwa huko, behewa lilifanya kazi ambayo hakuna aliyelichangia kwa ajili yake. Chakula hakikutosha askari na raia pamoja. Watu wa Madina, majirani wa Mtume (s.a.w.), waliondoshwa majumbani mwao kwa maelfu na kupelekwa Sham kwa treni. Wengine hawakurudi. Mpaka leo watu wa nchi zile huzikumbuka siku hizo kwa jina la Safarbarlik, na husimuliana habari zake. Na mwaka 1917 tunu za Hujra Tukufu zilipakiwa treni pia zikapelekwa Istanbul. Wapo wanaosema jemadari aliziokoa. Wapo wanaosema alizihamisha zisipostahiki kuhamishwa. Sisi twaishia kwenye lisilopingwa na upande wowote: zilitoka kwa reli ile.

Basi tazama. Njia iliyochangiwa ili kuwaleta watu Madina ndiyo iliyowatoa watu Madina, juu ya magurudumu yale yale, kwa upana ule ule wa milimita 1,050. Chuma hakikubadilika. Aliyebadilika ni mwenye kutoa amri ya kupakia.

Swali la fundi

Katika msafara wetu mmoja alikuwamo kijana fundi wa bati, mwenye kutengeneza treni ndogo nyumbani kwake nyakati za usiku. Alikuja stesheni na utepe wa kupimia mfukoni na daftari la mistari. Pale aliporuhusiwa kukaribia alipima, na pale asiporuhusiwa alihesabu mbao kwa macho, akakadiria upana wa mmoja, akazidisha. Nia yake ilikuwa kuwatengenezea watoto wa madrasa treni ya Hijazi, waitazame siku ya mashindano yao.

Tulipomweleza habari za kuzingirwa, alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Maalim, mimi nilidhani nitajaza mahujaji. Sasa behewa hili nilitie nini?"

Mzee mmoja aliyekuwa nasi alimjibu kabla yetu. "Mwanangu, tia ngano na tende. Hayo mengine ni fitina za Waislamu kwa Waislamu. Watoto waachie mazuri."

Maneno ya mzee yana hekima, wala hatukuyadharau. Mtoto hapewi uchungu wote kwa siku moja. Lakini tulimwambia, "Mzee wetu, tukiwapa behewa la tende peke yake, siku moja watasoma habari hizi kwingine, kutoka kwa mtu asiyetupenda, na watatuuliza kwa nini tuliwaficha. Aliye karibu nao zaidi ndiye anayefaa kuwaambia." Mzee alitafakari, kisha akasema, "Basi waambieni kwa upole." Tukaafikiana.

Likabaki suala la kifiqhi. Kijana aliuliza kama ataweka vijisanamu vya watu. Wanazuoni wana maneno marefu kuhusu sanamu za viumbe wenye roho, na wapo walioruhusu vitu vya kuchezea watoto. Imepokewa pia kuwa Ibn Abbas (r.a.) alipojiwa na mtu ambaye riziki yake ni kutengeneza sanamu, alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Treni haina roho, na kuitengeneza hakuna ubaya. Kwa watu, tuliona salama zaidi ni kuwaacha. Tukamwambia: "Watu wajulikane kwa vitu vyao."

Kwa hiyo treni ya kijana wetu ina mabehewa manne. La kwanza ni tangi la maji. La pili limefunikwa, mlango wake umeachwa wazi kidogo, na ndani mwaonekana magunia ya nafaka. La tatu ni la wazi, lina kuni. La nne limefunikwa kama la pili, mbao zake zile zile na rangi ile ile, na mlango wake u wazi. Ndani yake mna godoro lililokunjwa, sanduku la nguo, birika, na msala. Vyote ni vidogo kuliko ukucha. Watoto hulipita tangi na kuni kwa haraka. Mbele ya behewa la nne husimama, kisha huuliza, "Hawa wanahamia wapi?" Hapo ndipo somo huanza.

Pa kuyaona

Anayekwenda umra ajipatie asubuhi moja Anbariya, na aulize kwanza wenyeji au kiongozi wa msafara kuhusu saa za kufunguliwa. Aangalie mataruma chini kabla ya kuangalia injini juu. Mwenye uwezo wa kufika kaskazini ataona stesheni nyingine ya makumbusho huko Madain Swaleh, karibu na Al-Ula, nchi ya watu wa Thamud, ambako sunna ni kupita kwa unyenyekevu. Katika Jordan, baadhi ya sehemu za njia zilipata uhai mpya, na tangu mwaka 1975 mabehewa ya mizigo yalibeba fosfati kwenda bandari ya Aqaba. Jitihada za kuirudisha njia nzima hadi Madina zilianza katika miaka ya 1960, zikakatizwa na vita vya mwaka 1967.

Asiye na safari ya Hijazi asikate tamaa. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyoanzishwa mwaka 1971, yana mabehewa ya reli yetu wenyewe. Kijana na aende na utepe wake. Apime, ahesabu mbao za mlango, aandike mwaka, kisha aulize yale maswali mawili: nani alililipia, na lilibeba nini. Mababu zetu walipakia na kupakua mabehewa ya reli ile Kilindini, na habari zao nyingi bado ziko vinywani mwa wazee. Nazo zataka kuandikwa kabla ya wenye vinywa kuondoka.

Na sisi watu wazima tuna letu la kuchukua. Kila Idi ya kuchinja, katika mitaa yetu, ngozi za udhia hukusanywa kwa ajili ya madrasa au msikiti. Kila Ijumaa mkono huingia mfukoni. Tunatoa, tunamshukuru Allah, tunakwenda zetu. Waliotoa ngozi kwa ajili ya Reli ya Hijazi nao walikwenda zao, wakawaachia wengine ufunguo. Mchango ni amana yenye pande mbili, mwenye kutoa na mwenye kushika. Wa kwanza ana haki ya kuuliza mara kwa mara, kwa adabu na bila ya kuona haya: lile jengo tulilolichangia, leo lina nini ndani? Na wa pili ana wajibu wa kufungua mlango na kumwonyesha.

Allah atutakabalie sadaka zetu, awarehemu waliochanga na waliohamishwa, na ajaalie yale tuliyoyajenga kwa ajili Yake yasigeuzwe mikononi mwa watakaokuja baada yetu. Wabillahi tawfiq.